Utafiti mmoja hautoshi: dripu za watoto, minyoo ya Busia na majaribio yaliyorudiwa

Mtoto analetwa hospitali akiwa na homa kali. Mikono na miguu ni ya baridi, moyo unakwenda mbio, anapumua kwa shida, fahamu zinamtoka. Kwa miaka mingi miongozo ya tiba ilielekeza kwamba mtoto wa namna hii atundikiwe dripu na aingiziwe maji mengi kwa haraka, ili mzunguko wa damu urejee. Hoja ilieleweka bila shida: ikiwa damu haifiki vizuri kwenye viungo, ongeza kilichomo ndani ya mishipa.

Mwaka 2009 timu iliyoongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya utafiti wake Kilifi, ilianza kuijaribu hoja hiyo katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Jaribio liliitwa FEAST. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa wingi na kwa haraka, la pili likapewa maji yenye albumini, yaani protini ya damu, kwa namna hiyo hiyo, na la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa. Matibabu mengine yote yalikuwa sawa: antibayotiki, dawa za malaria, damu kwa aliyepungukiwa, oksijeni, na dripu ya taratibu ya kumshikilia mgonjwa. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, kwa sababu wao wana miongozo yao. Nalisisitiza hili kwa kuwa nimewahi kusikia mtu akilitumia jaribio hili kudai kwamba dripu ni mbaya kwa watoto. Halikusema hivyo.

Jaribio lilikusudia kuandikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru inayofuatilia usalama ilisimamisha uandikishaji, watoto wakiwa 3,141. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya ambao hawakupewa maji ya haraka. Kwa kila watoto 100 waliotibiwa kama kitabu kilivyosema, wapatao 3 zaidi walikufa.

Kazi yangu ni takwimu za tafiti za afya, na hili ndilo jaribio ninalolitaja kwanza mtu akiniuliza kwa nini tunahangaika na kundi linganishi. Jiweke katika nafasi ya daktari wa wodini. Katika kila watoto 100 aliowapa maji ya haraka, karibu 90 walipona. Isitoshe, uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba saa moja baada ya dripu, watoto waliopewa maji mengi walikuwa na dalili nzuri zaidi za mzunguko wa damu kuliko wenzao. Daktari aliona kwa macho yake mwenyewe kwamba mkono uliokuwa wa baridi umepata joto. Vifo vilivyoongezeka vilikuja baadaye, na tofauti ya 7 na 10 katika 100 haionekani kwa mtu mmoja, hata awe makini na mwenye uzoefu kiasi gani. Inaonekana tu ukiwaweka watoto maelfu katika makundi ambayo hayatofautiani kwa lolote ila hilo unalolipima.

Nalipenda pia kwa jinsi lilivyoheshimu wazazi. Mama aliyebeba mtoto anayekata roho hawezi kukaa chini kusoma fomu ya kurasa kadhaa. Utaratibu ukaruhusu maelezo mafupi ya mdomo kwanza, mtoto ahudumiwe, kisha ridhaa kamili ya maandishi iombwe baadaye hali ikitulia.

Matokeo yalipotangazwa wengi waliyapinga, hasa waliofanya kazi kwenye hospitali zenye vyumba vya uangalizi maalumu. Walisema labda ni mambo ya malaria, labda ni mazingira. Pingamizi hilo lilikuwa la haki, na jibu lake ni kurudia. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Lusaka, Zambia, safari hii kwa watu wazima 212 wenye maambukizi makali ya damu na presha iliyoshuka. Waliopewa mpango wa maji mengi mapema walifariki asilimia 48.1, na waliopewa huduma ya kawaida asilimia 33. Wagonjwa wengine, nchi nyingine, timu nyingine, na mwelekeo ule ule. Hapo ndipo mimi huanza kuamini.

Si kila utafiti unaporudiwa unapata bahati hiyo, na mfano ninaouona kuwa na mafunzo mengi zaidi unatoka magharibi mwa Kenya.

Mwaka 1998 wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel, wakishirikiana na shirika lisilo la kiserikali la ICS, walianza kufuatilia ugawaji wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi wilayani Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. La kwanza lilianza dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Zilikuwa dawa mbili tunazozijua wote: albendazole kwa minyoo ya tumboni, na praziquantel kwa kichocho pale kilipokithiri. Mahudhurio hayakuchukuliwa kwenye daftari la mwalimu. Wapimaji walifika shuleni bila taarifa na kuhakiki nani yupo na nani hayupo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Utoro ulikuwa umepungua kwa robo katika shule zilizopata dawa. Wanafunzi ambao hawakumeza dawa katika shule hizo hizo nao walipungukiwa na minyoo, na hata shule jirani zilinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yaliyotapakaa ardhini na kwenye maji yalipungua. Mitihani haikupanda. Hilo la mitihani watu hulisahau wanapoisimulia habari hii, ilhali waandishi wenyewe waliliandika wazi.

Busia ikawa hoja kuu ya kampeni za dawa za minyoo mashuleni katika nchi nyingi. Kisha mwaka 2015 wataalamu wa magonjwa kutoka chuo cha afya na magonjwa ya kitropiki cha London, LSHTM, wakachapisha uchambuzi mpya wa data zile zile, walizopewa na waandishi wa awali. Walikuta makosa. Kubwa kuliko yote lilikuwa katika programu ya kukokotoa faida iliyovuka kwenda shule jirani: badala ya kuhesabu shule zote zilizo ndani ya umbali uliotajwa, ilihesabu 12 tu zilizo karibu zaidi. Liliporekebishwa, faida kwa shule za mbali ilififia sana. Faida ndani ya shule zenyewe ilibaki. Wakauliza pia maswali ya mpangilio. Shule hazikupigiwa kura, ziliorodheshwa kwa alfabeti na kugawiwa makundi kwa zamu: ya kwanza kundi la kwanza, ya pili la pili, ya tatu la tatu, kisha kuanza tena. Wazazi na walimu walijua nani anapata dawa. Na matokeo hubadilika kwa kiasi fulani ukichambua kila mwaka peke yake badala ya kuiunganisha miaka.

Mabishano yalikuwa makali. Nimezisoma pande zote mbili kwa makini, na naona sehemu kubwa ya ugomvi ilitokana na desturi za fani mbili. Mtaalamu wa magonjwa hukusanya majaribio yote yaliyopo duniani na kutafuta wastani. Akifanya hivyo kwa dawa za minyoo zinazogawiwa kwa umma, wastani wa faida kwa uzito, damu na mahudhurio unatoka mdogo mno au hauonekani kabisa. Jaribio la DEVTA lililofanyika Uttar Pradesh, India, kwa watoto wapatao milioni moja, halikuonyesha faida ya maana kwa uzito wala vifo. Mwanauchumi naye huangalia mahali na wakati. Busia ya 1998 zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya minyoo, na mvua za El Niño zilikuwa zimefurika eneo zima. Dawa haiwezi kumnufaisha kiasi kile kile mtoto asiye na minyoo. Ukiwachanganya wenye mzigo mkubwa na wasio nao, faida ya wale wa kwanza inamezwa ndani ya wastani.

Lililonivutia zaidi ni kwamba watafiti wa Busia hawakuondoka. Waliendelea kuwatafuta wale wanafunzi hadi ukubwani, wengine wakiwa wamehamia miji ya mbali. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya miaka 20: waliopata dawa kwa miaka 2 hadi 3 zaidi ya wenzao walikuwa na matumizi ya fedha ya juu kwa asilimia 14, na mapato kwa saa ya juu kwa asilimia 13. Mimi bado nataka kuona jambo kama hili mahali pengine kabla sijaliita sheria. Lakini kwa dawa ya bei ndogo namna hiyo, kwenye eneo lenye minyoo mingi, ningeigawa leo.

Kati ya fani ambazo tafiti zake zimerudiwa, saikolojia ndiyo iliyotikisika zaidi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lililoratibiwa na Brian Nosek lilirudia tafiti 100 zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida yanayoheshimika. Za awali, asilimia 97 zilidai kupata tofauti ya kitakwimu. Zilizorudiwa, asilimia 36. Majaribio ya uchumi ya maabara yalifanya vizuri zaidi: 11 kati ya 18 yalirudi na matokeo yale yale. Na asiyacheke mtu wa sayansi za maabara, kwa sababu mwaka 2012 wanasayansi wa kampuni ya Amgen walieleza kwamba walijaribu kuthibitisha tafiti 53 mashuhuri za saratani, wakafanikiwa kwa 6.

Chukua lile jaribio la pipi ambalo wahamasishaji hulisimulia kila mahali. Walter Mischel wa Stanford aliwaambia watoto wa chekechea kwamba wakivumilia bila kula pipi moja watapewa mbili, na baadaye ikaonekana waliovumilia walifanya vizuri zaidi shuleni. Watoto wale walitoka chekechea ya chuo kikuu chenyewe. Lilipoangaliwa upya mwaka 2018 kwa watoto zaidi ya 900 wa familia za aina nyingi, uhusiano ulikuwa dhaifu zaidi, na ulisinyaa tena baada ya kuzingatia kipato na malezi ya nyumbani. Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti wa watoto wa wakulima wa Nso, Kamerun. Takriban asilimia 70 walisubiri. Wenzao wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Kwa hiyo anayekuja kutufundisha tabia ya binadamu kwa tafiti za wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani, namwomba kwanza aniambie ni binadamu gani aliowapima.

Kwa nini tafiti nyingi hazirudi? Udanganyifu upo, lakini si sababu kubwa. Sababu kubwa ni hesabu na tuzo. Kwa desturi tunayaita matokeo yana maana kitakwimu ikiwa, endapo hakuna tofauti yoyote ya kweli, uwezekano wa bahati tupu kutuletea tofauti kama hiyo au zaidi ni chini ya 1 kati ya 20. Sasa mtafiti apime mambo 20 yasiyohusiana, ambayo yote hayana ukweli wowote. Uwezekano kwamba angalau moja litatoka na "maana" ni asilimia 64. Akiandika hilo moja na kuyaacha 19 kwenye kompyuta, jarida litalipokea, atapandishwa cheo, na wala hakusema uongo hata kwenye sentensi moja. Ongeza sampuli ndogo, ambazo hufanya tofauti inayotokea ionekane kubwa kuliko ilivyo, na utaelewa kwa nini tofauti hiyo hupungua utafiti unaporudiwa.

Ndiyo maana majaribio ya tiba hutakiwa yasajiliwe kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa: tutapima nini, kwa watu wangapi, na kipimo kikuu ni kipi. Afrika ina daftari lake, Pan African Clinical Trials Registry, lililoko Afrika Kusini, na yeyote mwenye intaneti anaweza kulifungua. Mimi hulifungua kabla ya kusoma makala yenyewe. Natafuta kipimo kikuu kilichoahidiwa, halafu nakilinganisha na kilichoandikwa kwenye muhtasari wa matokeo. Nikikuta kimebadilishwa kimyakimya, kuanzia hapo nasoma kwa tahadhari kubwa.

Kwa waandishi wa habari wanaonipigia, nina ombi moja mahususi. Msiandike tu kwamba kitu "kimeongeza hatari kwa asilimia 45", ingawa ndiyo hesabu halali ya FEAST. Andikeni pia kwamba katika kundi moja walikufa 7 katika 100, na katika jingine 10 au 11. Namba ya kwanza peke yake humtisha mzazi. Hizi za pili zinamwezesha kupima uamuzi pamoja na daktari wake, na ziko kwenye jedwali lile lile.