Hiace ikisubiri kujaa, we pumua

Watu wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha hapa Moshi karibu wote wananiambia, "dada, hiyo meditesheni nimeisikia ila mi muda sina", na nawaelewa kabisa, maana mtu anaamka saa 11 alfajiri aandae watoto, akimbilie sokoni Mbuyuni kupanga meza, jioni kikoba, usiku nguo za shule bado hazijafuliwa. Ukimwambia akae nusu saa kwenye mkeka amefumba macho unamwongezea mzigo tu.

Kwa hiyo mi siwaambii watafute muda. Nawauliza, leo umesubiri wapi? Hapo ndo wanaanza kuhesabu: hiace stendi inangoja ijae, ndoo bombani, foleni kwa wakala, maharage jikoni. Kusubiri kupo kwingi sana, ila muda huo tunaujaza simu na mawazo ya ada.

Ukiwa kwenye hiyo hiace, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole hadi sita, macho wazi, mkoba umeushika, hamna atakayejua unafanya nini. Tunarefusha ile ya kutoa kwa sababu ukitoa pumzi mapigo ya moyo yanapungua kidogo, kuna neva inaitwa vagasi inatoka kwenye ubongo inapita shingoni hadi moyoni na tumboni, hiyo ndo inauambia moyo upunguze kasi. Nne na sita ni kama sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida anapumua 12 hadi 20. Dakika tatu zinatosha kuanzia.

Akili itakimbia tu. Umehesabu mbili, mara uko kwenye deni la nyanya la juzi. Hapo wengi wanasema nimeshindwa, na hapa ndo naomba mnisikie jamani: kule kushtuka kwamba umeondoka, ukarudi kwenye pumzi, hilo ndo zoezi lenyewe, hata ukirudi mara hamsini.

Kama kuhesabu kunakuchosha, tumia kahawa. Mi asubuhi nasimama kwa muuza kahawa barabarani, simu iko kwenye pochi, nasikia tu kile kikombe kidogo kinavyochoma vidole, harufu, ule uchungu unavyokaa nyuma ya ulimi kabla sijang'ata kashata, na kama mawingu yamefunguka naiangalia barafu ya Kibo bila kupiga picha. Kikiisha naenda kazini.

Kina mama wa kanisani wananiuliza kwa woga kama hii si dini ya watu. Kweli mizizi yake iko kwenye Ubuddha, ila mwaka 1979 mtaalamu mmoja anaitwa Jon Kabat-Zinn aliiingiza kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, kama programu, siku hizi ni ya wiki 8, kwa wagonjwa, wengi wao wenye maumivu sugu, bila ibada yoyote. Mwenye rozari au tasbihi yake aendelee nayo, hazigombani.

Ila kama umepitia jambo zito, ajali au kupigwa, kukaa kimya kunaweza kuyarudisha yote kwa nguvu. Usijilazimishe. Fungua macho, kanyaga chini usikie nyayo, taja vitu vitano unavyoviona. Na kama hii ni wiki ya pili hulali na chakula hakipiti, hiyo si ya kupumulia kwenye hiace, nenda hospitali ukaonane na daktari, na ukiogopa kwenda peke yako nenda na mtu.