Mchango haulazimishwi: maana ya neno tunaloliharibu

Wiki iliyopita mwanangu alirudi skuli na kikaratasi. Juu yake kimeandikwa kwa herufi kubwa: MCHANGO WA LAZIMA, shilingi elfu tano, mwisho Ijumaa. Ni mara ya tatu mwaka huu nayaona maneno hayo yamewekwa pamoja, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mchango ni kile mtu anachokitoa kwa hiari yake, kikaunganishwa na vya wenzake kwa jambo linalowahusu wote. Maana ndiyo hiyo.

Lakini litazame neno lenyewe. Limetoka kwenye changa, na nduguze ni changanya, changamana na mchanganyiko. Hata mcheza karata huzichanga kabla ya kuzigawa. Kwa hiyo kiini cha neno hili si kutoa. Ni kukutanisha. Ndiyo maana msibani mmoja huja na fedha, mwengine na mchele, na asiye na kitu hushika ndoo akateka maji, na wote wamechanga.

Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu Pemba, watu wazima walijenga banda la skuli la madarasa matatu. Wanaume walibeba mawe, wanawake wakapanga mstari na ndoo kutoka kisimani, na kwa kuwa karafuu zilizaa vizuri mwaka ule, waliouza walitoa chochote cha kununulia saruji. Mzee mmoja asiyekuwa na shamba wala nguvu alikaa chini ya mwembe siku nne akisokota kamba za makumbi za kufungia majukwaa ya mafundi. Ukuta ulipofika usawa wa linta, wizara ikaja kumalizia na kuezeka. Sikumbuki daftari la wadaiwa. Wadaiwa wangetoka wapi?

Sasa ada. Hili tumelichukua kwa Waarabu, na kwao maana yake ni desturi, jambo lililozoeleka. Sisi bado tunasema mila na ada. Kutoka hapo likawa jina la malipo yaliyowekwa na desturi: ada ya kungwi, ada ya fundi, ada ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Ada ina kiwango, ina wakati wake, na asiyeitoa hujua litakalomfika. Si neno baya hata kidogo. Ukimwambia mtu alipe ada umemwambia ukweli, na yeye ana haki ya kukuuliza nani kaiweka na kwa idhini ya nani.

Kwetu Zanzibar swali hilo lina uzito wa pekee. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure, na hadi leo kila Septemba siku hiyo inaadhimishwa. Baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, wazazi wakaanza tena kulipa, ila jina likawa mchango. Katika awamu ya saba, ya Rais Ali Mohamed Shein, Serikali ikaifuta michango hiyo, kwanza msingi, kisha sekondari. Nililishangilia tangazo lile, na bado naliona jema. Lakini tazama neno lilivyopata hasara pande zote mbili: kamati ya skuli inayotaka kuwaomba wazazi mifuko ya saruji kwa hiari inaogopa kufungua mdomo, na anayetoza kwa lazima anajificha ndani ya neno lilelile.

Simlaumu mwalimu mkuu. Ana karatasi za mitihani za kurudufu, ana umeme, ana chaki, na ruzuku ikichelewa hana pa kushika. Huo ni upungufu wa bajeti, na mahali pake ni Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, ambako mwakilishi wetu anaweza kusimama akauliza. Ukishauita mchango, hauulizwi tena. Unaonekana ni ukarimu wa wazazi.

Walimu wa Tanzania Bara walipogoma mwaka 2012, kuanzia Julai 30 hadi mahakama ilipousimamisha mgomo siku chache baadaye, watu waligawanyika. Wapo waliowatetea, wapo waliosema wanawaonea watoto. Ila hakuna aliyechanganyikiwa kuhusu jambo lenyewe: mshahara na posho, na mdaiwa ni Serikali. Maneno yalikuwa wazi, kwa hiyo hata ugomvi ulikuwa wazi. Mama anayefungua pindo la kanga na kutoa noti ya elfu tano ya "mchango wa lazima" hana alichoachiwa. Hawezi kudai, kwa sababu ameambiwa ametoa mwenyewe. Wala hawezi kukataa, kwa sababu jina la mtoto litasomwa mstarini.

Kile kikaratasi nimekirudisha. Nyuma yake nimeandika: "Assalaam alaykum mwalimu wangu. Kama ni lazima, tafadhali tuandikie ada, na ni ya kitu gani, ili tujue pa kwenda kuuliza. Kama ni mchango, nakuomba siku ya Ijumaa asirudishwe mtoto yeyote nyumbani. Yangu mimi ile elfu tano imo ndani ya bahasha."