Viharusi vingapi vinaletwa na presha? Maswali na majibu

Kihatarishi ni nini?
Ni kitu kinachoongeza uwezekano wa kuugua. Sigara kwa saratani ya mapafu, presha ya kupanda kwa kiharusi.

Tunaambiwa karibu nusu ya viharusi vinatokana na presha. Inahesabiwaje?
Yanahitajika mambo mawili: wangapi wana presha, na presha inazidisha hatari mara ngapi. Chukua mfano wa watu wazima 1,000. Wasio na presha ni 700, na 7 kati yao wanapata kiharusi, yaani 1 kwa kila 100. Wenye presha ni 300, wanaopata ni 9, yaani 3 kwa kila 100. Jumla 16. Presha isingekuwepo, wote 1,000 wangebaki na hatari ya 1 kwa 100, wangeugua 10. Waliozidi ni 6. Gawanya 6 kwa 16: asilimia 37.5 ya viharusi hapo vimeletwa na presha. Utafiti wa INTERSTROKE wa mwaka 2016, uliofanyika katika nchi 32, ulipata asilimia 47.9.

Mbona ukijumlisha asilimia za presha, sigara na vingine zinapita 100?
Kwa sababu kiharusi kimoja huwa na visababishi zaidi ya kimoja, hivyo kinahesabiwa kwa kila kimoja. Si kosa.

Yangu ni 150/95, imepanda kidogo tu. Inanihusu?
Inakuhusu sana. Mwenye 200/120 yuko hatarini zaidi, lakini watu hao ni wachache. Wenye "kidogo tu" ni wengi mno, na kwa wingi wao ndiko viharusi vingi vinakotoka.

Lakini najisikia mzima. Dawa za nini?
Presha haisikiki. Kichwa kutokuuma si kipimo. Kipimo ni mashine. Ukiwa kwenye dawa na mashine ikasoma 128/80, hujapona, dawa inafanya kazi. Ukiiacha, presha inarudi juu kimyakimya.

Basi ninywe siku kichwa kinapouma?
Hapana. Kila siku, saa ileile, uumwe usiumwe. Zikibaki za wiki moja, nenda kachukue nyingine. Usisubiri ziishe.

Na kitunguu saumu?
Kitie kwenye mchuzi. Dawa usiache.

Nipimeje ili namba iwe ya kweli?
Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kojoa kwanza. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, mashine inasoma juu kuliko ukweli. Usiongee. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati. Ikisoma 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti, muone daktari.

Mzee amepinda mdomo ghafla, mkono umelegea, ulimi mzito. Tuanze kwa mganga?
Hospitali, sasa hivi, hata akianza kupata nafuu njiani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT ya kichwa. Kila saa ya kafara na maombi nyumbani inakatwa humo. Ombeni mkiwa kwenye gari. Msimpe chakula, maji wala kidonge cha presha, atapaliwa. Na andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, maana daktari ataiuliza kabla ya yote.