Je, wajua kwa nini akina Attenborough ni wachache?

Jioni moja nilikuwa sebuleni na mpwa wangu Hamisi tukiangalia sokwe wa milima ya Rwanda kwenye runinga. Ilikuwa ile sauti ya David Attenborough, mtangazaji Mwingereza wa filamu za wanyama, anayesimulia kwa kunong'ona kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Hamisi akageuka: "Mjomba, kina Smith wako wengi, kina Brown wako wengi. Huyu mbona yuko peke yake?"

Nikamjibu pale pale, bila haya, kwamba ukoo wao ulifagiwa na tauni. Waingereza walikufa kwa wingi zama hizo, nikasema, na majina mengine yakabaki na mtu mmoja mmoja. Hamisi aliridhika. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, maana nilijua nimetunga.

Tauni yenyewe ilikuwepo. Iliingia Uingereza mwaka 1348 na inakadiriwa kuua kati ya theluthi na nusu ya watu. Kasoro ya jibu langu ni kwamba tauni haikuwa inauliza mtu jina. Dhoruba ikipita kijijini na kuangusha nusu ya miembe, inaangusha ya kila mtu. Mwenye miembe mia atabaki na hamsini hivi, na mwenye mmoja ama atabaki nao ama atabaki na kisiki. Kwa hiyo dhoruba inaweza kumalizia jina ambalo tayari lina mtu mmoja au wawili, lakini haielezi lilifikaje kwenye uchache huo. Tena wakati ule majina ya ukoo yalikuwa bado hayajatulia. Waingereza walianza kuyarithisha baba kwa mwana baada ya Wanormandi kuiteka nchi mwaka 1066, matajiri wakitangulia na wakulima wakifuata polepole, na ilipofika karibu mwaka 1400 wengi wao walikuwa nayo. Tauni ilipita katikati ya shughuli hiyo.

Kinachopunguza majina hakina kishindo chochote. Ni mabinti.

Chukua shilingi, ile ya kichwa na mwenge. Tuseme kijiji kina wanaume 100, kila mmoja na jina lake la ukoo, na kila mmoja ana mke. Weka sheria ya upole kabisa: kila ndoa inapata watoto wawili kamili, hakuna mtoto anayekufa, hakuna vita, hakuna njaa, hakuna anayehama. Kwa kila mtoto rusha shilingi. Kichwa ni mvulana, naye atalibeba jina. Mwenge ni msichana, naye akiolewa watoto wake watabeba jina la mumewe, kama desturi ya Waingereza ilivyokuwa.

Nyumba inayopata mwenge mara mbili imemaliza jina lake. Wazazi wapo, wajukuu watakuja, damu inaendelea kama kawaida, ila jina limefika mwisho wa njia. Uwezekano wa mwenge mara mbili ni robo, hivyo katika kizazi cha kwanza tu majina 25 kati ya 100 yamekwenda, kijiji kikiwa na watu wale wale na vicheko vile vile.

Kizazi cha pili hakifuti mengine 25, kwa sababu baadhi ya majina sasa yana wavulana wawili, na mwenye wawili hatoki mchezoni kirahisi. Lakini mchezo hausimami. Ukipiga hesabu, baada ya vizazi vitano yamebaki majina 40. Baada ya vizazi kumi, 26. Baada ya vizazi 20, ambavyo ukihesabu miaka 35 kwa kizazi ni miaka 700, umri wa majina mengi ya Kiingereza, yamebaki 15 tu. Wanaume kwa wastani bado ni 100 vile vile. Sasa wanagawana majina 15, na hawagawani sawa: jina moja lina watu wawili, lingine lina kumi na tano, na hakuna ukoo uliowazidi wenzake kwa akili, mali wala nguvu. Ni shilingi tu.

Nimerusha shilingi zaidi ya nilivyohitaji ili kuhakikisha hesabu hii, na bado inanishangaza. Kijiji hakikumzika mtu hata mmoja kabla ya wakati wake, na kimepoteza majina 85.

Maisha halisi ni makali kuliko shilingi yangu. Wapo waliopata watoto kumi na wapo wasiopata hata mmoja, na tofauti hizo zinaharakisha mchujo. Kwa upande mwingine, idadi ya watu Uingereza iliongezeka sana karne za karibuni, na ongezeko linayapa majina yaliyosalia nafasi ya kutambaa. Majina mapya nayo yaliingia na wageni, na mengine yakazaliwa kwa karani kukosea tahajia. Kijiji changu cha shilingi kinaonyesha mwelekeo. Si picha ya kijiji chochote cha kweli.

Aliyeteleza kwenye somo hili si mimi peke yangu, na hilo limenifariji. Mwaka 1873 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alichapisha swali hili hili, akitaka kujua kwa nini majina ya watu mashuhuri yanatoweka. Mchungaji mmoja mwanahisabati, Henry William Watson, akalichukua. Aliujenga mlinganyo vizuri, kisha akaamua kwamba kila jina lazima life, hata nchi ambayo watu wake wanaongezeka. Mlinganyo wake ulikuwa na majibu zaidi ya moja, yeye akashika moja na kuondoka nalo. Ukweli ni kwamba wastani wa wana ukizidi mmoja kwa kila baba, jina linapata nafasi halisi ya kudumu. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikuwa ameshalisema hilo mwaka 1845. Hadi leo hesabu hizi zinaitwa kwa majina ya Galton na Watson, na la Bienaymé linaongezwa na wenye kumbukumbu nzuri.

Turudi kwa mzee wetu. Jina Attenborough nalo nilikuwa nimelielewa kinyume. Kiingereza cha kale kidogo kilikuwa na neno "atte", yaani penye. Ndiko walikotoka kina Atwood, wa penye msitu, na kina Atwell, wa penye kisima, sawa na sisi kumwita mtu Juma wa Mwembeni. Nikaona basi Attenborough ni wa penye boma, kwisha.

Kumbe kuna kijiji kinachoitwa Attenborough, kando ya mto Trent, kusini-magharibi mwa mji wa Nottingham. Maandishi ya karne ya 12 yanakiita Adinburcha, na wataalamu wa majina ya mahali wanasoma humo jina la mtu, Adda au linalofanana nalo, likifuatwa na "burh", yaani ngome au boma. Ni boma la Adda. Ile "atten" niliyoifurahia ni mtu aliyemezwa na midomo ya vizazi hadi akaonekana kihusishi.

Kamusi za majina ya ukoo zimewahi kutaja njia zote mbili, na siwezi kukuapia kwamba hakuna hata mmoja aliyeitwa hivyo kwa kukaa penye boma. Kinachonielekeza kijijini ni mahali wenye jina walipo. Maboma yalijaa Uingereza nzima. Kama jina lingetokana na boma lolote tu, lingechipuka kila kona kama la Atwood. Akina Attenborough hawakutawanyika hivyo. Sensa ya mwaka 1881 inapendwa sana na watafiti wa majina, kwa kuwa ilinakiliwa yote na watu wa kujitolea, na kwa kuwa ilifanyika kabla gari halijawavuruga watu. Ukiliangalia jina hili humo unalikuta limejikusanya Nottinghamshire na majirani zake, mithili ya Massawe na Mushi wanavyokurudisha Kilimanjaro hata ukiwakutia Mtwara. Leo wapo London, wapo Australia, wapo Marekani, ila kitovu ni kile kile. David mwenyewe alizaliwa upande wa London mwaka 1926, lakini baba yake, Frederick, alizaliwa Stapleford, kilomita chache tu kutoka kijiji cha Attenborough.

Hizo kilomita chache ndizo zenye maana. Ndani ya Attenborough hakuna faida ya kumwita mtu "wa Attenborough", kwa sababu kila mtu ni wa Attenborough. Jina la namna hii huzaliwa mtu anapohamia kijiji cha pili, wenyeji wakahitaji namna ya kumtofautisha na Yohana wao. Kisha anaoa pale, analima pale, na wajukuu wake wanaoa kijiji cha tatu.

Je, wote wametoka kwa mtu mmoja? Hapa ndipo vinasaba vinapoingia. Mwanamume hupokea kromosomu Y, kifurushi cha vinasaba walicho nacho wanaume tu, kutoka kwa baba yake peke yake, kama alivyopokea jina. Ni abiria wawili waliopanda basi moja kituo kimoja. Kwa kawaida wanasafiri pamoja, ila mmoja anaweza kushuka njiani: mtoto akiasiliwa, akichukua jina la mama yake, au akizaliwa na baba asiyesemwa, jina linaendelea na safari huku siti ya kromosomu ikikaliwa na mwingine.

Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Kiingereza. Kwa wastani asilimia 62 ya wanaume waliangukia kwenye makundi yenye babu wa pamoja ndani ya jina lao, na kadiri jina lilivyokuwa adimu ndivyo undugu ulivyozidi. Akina Smith walifanana kama watu waliookotwa tu barabarani. Akina Attenborough walifika asilimia 87.

Nilipoisoma hiyo 87 nilikaribia kukosea mara ya tatu, maana nilitaka kusema: basi mwanzilishi alikuwa mmoja. Watafiti wenyewe wanakataza. Kumbuka shilingi. Hata kama wanaume watano tofauti walitoka kijijini kwa nyakati tofauti na wote wakaitwa Attenborough, mchujo wa vizazi 20 ungeweza kabisa kuwaondoa wanne na kumwacha mmoja ajae. Babu wa pamoja unayemwona leo ni aliyeshinda kurusha shilingi. Huenda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa hivyo, huenda siye.

Katika maabara ya watafiti hao hao kulitokea kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2007 walieleza kumkuta Mwingereza mzungu, asiye na habari yoyote ya asili ya Afrika kwao, ambaye kromosomu Y yake ni ya kundi A1. Tawi hilo ni la kale mno, na wanasayansi walilihesabu kuwa la Waafrika pekee. Mfano wake wa karibu ulikuwa Afrika Magharibi. Jina lake la ukoo lilikuwa adimu, la Yorkshire ya mashariki. Wakawatafuta wengine wenye jina hilo wakapata jumla ya 18, na saba kati yao walikuwa na kromosomu hiyo hiyo. Nyaraka ziliwapanga saba hao katika nasaba mbili, kila moja na babu aliyeishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18, na vinasaba vikaonyesha kwamba nasaba hizo zinaungana vizazi vichache nyuma zaidi.

Nao ni weupe, na hilo si ajabu. Ukirudi vizazi kumi una mababu na mabibi 1,024, na Mwafrika mmoja kati yao ni tone. Ila kama amekaa kwenye mstari wa baba kwa baba, kromosomu Y yake inashuka karibu nzima, haichanganyiki. Alifikaje? Waafrika walikuwepo Uingereza tangu enzi za Warumi, na kuanzia karne ya 16 biashara ya utumwa ilipeleka wengine. Kromosomu haitaji ni njia ipi. Na wale 11 waliobaki wana jina lile lile bila kromosomu hiyo: abiria walishuka vituo tofauti.

Kuna jambo moja dogo ambalo nililiweka akiba kwa ajili ya Hamisi. Frederick Attenborough, yule wa Stapleford, alikuwa mkuu wa chuo cha Leicester kuanzia mwaka 1932 hadi 1951, na David alikulia mumo humo. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Leicester, ambako jina lao lilihesabiwa likapewa 87.

Nilimpigia simu kumweleza yote, tauni nikiifuta rasmi. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kuhusu lake. Yeye ni Hamisi Juma Salum: jina lake, la baba yake, la babu yake.

"Sasa mjomba, hilo Salum litakufa lini?"

Akipata mtoto, nikamwambia. Mtoto ataandikwa fulani Hamisi Juma, na Salum atakuwa ameshushwa, awe wa kiume awe wa kike. Kwetu hata shilingi haihitajiki.