Karatasi Iko Mkononi mwa Nani? Yanayosemwa kuhusu wanawake wakimbizi wa Nairobi, na ukweli wake

Ukikaa Kayole, Githurai, Eastleigh au Kawangware, huwezi kukosa jirani aliyekimbia kwao. Anakusuka nywele, anakufulia nguo, anakuletea vitenge mlangoni. Na ukisimama kwenye kibanda cha mboga utasikia yanayosemwa akishapita. Nimeishi ploti moja na kina mama kutoka Kongo na Burundi kwa miaka mingi, nikawasindikiza ofisini na hospitalini, na nimeona maneno ya kibandani yakimponza mtu kweli kweli. Mengine wanayaamini wao wenyewe, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi.

"Mkimbizi wa kweli yuko kambini."

Kambi za Dadaab zilianza 1991, Kakuma 1992, na tangu hapo tukazoea kwamba mkimbizi ni mtu wa hema. Ni kweli wengi wako huko, na ni kweli serikali kwa muda mrefu imependelea wabaki huko. Lakini kuomba hifadhi si kosa la jinai, hata kama mtu alivuka mpaka bila viza. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtaka aliyeingia nchini ajitokeze kwa maafisa mara moja, au ndani ya siku 30. Kwa Nairobi, ofisi ya Idara ya Huduma za Wakimbizi iko Shauri Moyo. Asubuhi na mapema utawakuta kina mama wameshapanga foleni, watoto mgongoni.

Desemba 2012 iliwahi kutolewa amri kwamba wakimbizi wote wa mijini wapelekwe kambini. Kituo cha Sheria, shirika linalotetea haki za wanyonge, kikaenda mahakamani, na tarehe 26 Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta. Mwaka uliofuata ukaja msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, watu wakazolewa Eastleigh na kupelekwa uwanja wa Kasarani, kina mama na watoto wachanga wakiwemo. Hofu ile haijaisha. Mama wa Bukavu, Kongo, amekisema Kiswahili tangu utotoni, lakini akitamka "batoto" badala ya "watoto" ndani ya matatu, anaona vichwa vikigeuka. Wengi wameamua kunyamaza safari nzima.

Tofauti moja inafaa ijulikane: anayeomba hifadhi bado anasubiri uamuzi, mkimbizi ameshaupata. Kusubiri huko kunaweza kuchukua miaka. Wote wawili, sheria inakataza kuwarudisha kule wanakohofia maisha yao.

"Kwao hakuna vita, huyu kaja kutafuta pesa."

Vita vipo. Sudan inawaka tangu Aprili 2023. Huko Kongo, Goma ilianguka mikononi mwa waasi Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Ila hata pasipo na risasi, mtu anaweza kustahili hifadhi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya ilijiunga nao 1966, unamlinda anayeteswa kwa sababu ya kabila au rangi yake, dini, uraia, siasa, au kwa kuwa wa kundi fulani katika jamii. Mei 2002 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilitoa mwongozo unaoeleza kuwa kubakwa na kukeketwa vinaweza kuwa mateso ya aina hiyo, pale serikali ya kwao isipoweza au isipotaka kumlinda. Binti aliyetoroka usiku wa kuamkia kukeketwa ana la kusema mbele ya afisa. Wengi hawalisemi, kwa kudhani ni "mambo ya nyumbani".

Hapo hapo huzaliwa dhana nyingine: kwamba hadithi yake ikibadilika, basi ni mwongo. Fikiria mwanamke anayehojiwa kwa mara ya kwanza. Mkalimani ni mwanamume wa kabila lake, mtu anayesali naye kanisa moja. Mume amekaa pembeni. Ataulizwa yaliyompata njiani, atajibu, "Walituibia." Mwaka mmoja baadaye, akiwa peke yake na mwanamke mwenzake, atasema yaliyobaki. Katika faili hayo yanaonekana kama maneno mawili yanayogongana. Ana haki ya kuomba afisa mwanamke na mkalimani mwanamke, na kusikilizwa bila mumewe chumbani. Kuomba hivyo si ukaidi wala hakumharibii kesi. Natamani kila dada aambiwe hili kabla ya siku ya mahojiano.

"Mume ana karatasi, basi mke yuko salama."

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Familia inaposajiliwa, mara nyingi hufunguliwa faili moja, na mkuu wa familia anayeandikwa huwa ni mwanamume. Mke na watoto wako chini ya jina lake. Nyumba ikiwa na amani, hakuna anayelifikiria. Nyumba ikivurugika, ile bahasha ya kaki yenye karatasi za usajili inakuwa fimbo. Nimesikia kwa masikio yangu, kupitia ukuta wa mabati, mwanamume akimwambia mkewe, "Ukinishtaki nakufuta kwenye faili, urudi ulikotoka." Yule mama akaendelea kupigwa kwa sababu aliamini.

Si kweli. Faili ni ya ofisi, si ya mume. Hana uwezo wa kumfuta mtu. Mwanamke anayepigwa au aliyeachwa anaweza kwenda mwenyewe, akaeleza yaliyompata, akaomba faili yake itengwe pamoja na ya watoto anaowalea. Tena anaweza kuwa na sababu zake mwenyewe za kuomba hifadhi ambazo hazikuwahi kuulizwa, kwa vile siku ile aliulizwa mume. Mashirika kama Kituo cha Sheria hutoa msaada wa kisheria kwa wasio na pesa ya wakili.

Jirani yangu mmoja, mumewe aliondoka alfajiri na bahasha, asirudi. Miezi mizima mama yule hakuvuka barabara kubwa. Mtoto akishikwa na homa, anamkanda kwa maji, kwa kuogopa kuulizwa kitambulisho hospitalini. Tulikwenda ofisini mara nne. Mara mbili tulirudishwa kwa kuwa hakukumbuka namba ya kesi. Siku alipopata karatasi yenye jina lake juu, alifanya jambo ambalo sasa kina mama wote wa ploti wanalifanya: aliipiga picha, akamtumia dada yake, kisha akaikariri namba na kumfundisha kifunguamimba wake, wakiimba wakati wa kuosha vyombo.

"Asiye na kitambulisho akibakwa hana pa kwenda."

Pa kwenda ni hospitali, na ni haraka. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora. Ya kuzuia mimba inaweza kutumika hadi siku ya tano, ingawa nguvu yake hupungua kila siku. Huduma hii kwa aliyebakwa haipaswi kulipiwa katika hospitali za umma, na haimtaki aanzie polisi. Asioge, na nguo alizovaa azibebe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya hospitali kwa aliyebakwa; P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, inaweza kufuata. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 humlinda yeyote aliyetendewa kosa katika ardhi hii, haiulizi kwao ni wapi. Simu 1195, ya kuwasaidia waliotendewa ukatili wa kijinsia, ni ya bure, usiku na mchana. Zikishapita saa 72, bado aende. Kuna magonjwa mengine ya kutibu na moyo wa kutuliza.

"Kaolewa na Mkenya, ameshakuwa Mkenya."

Bado. Kifungu cha 15 cha Katiba kinataka ndoa iwe imedumu angalau miaka saba, kisha aombe. Kuna wanaume wanaoutumia ujinga huu kuwaahidi wasichana kitambulisho kwa malipo ya mwili. Mtoto aliyezaliwa na baba au mama Mkenya ni raia. Wa wakimbizi wawili hawi raia kwa kuzaliwa hospitali ya Pumwani, ila cheti cha kuzaliwa ni haki yake, na mama akidai asione haya.

"UN inawalisha, na kesho wataenda Marekani."

Mgao wa chakula ni wa kambini. Hapa jijini kila mtu anajilipia kodi, maji na unga. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na kibali chake, kile cha daraja la M, hakina ada. Ugumu ni kukipata, na mama fua hana siku za kupoteza kwenye foleni. Kwa hiyo anafua magunia ya nguo, na akidai ujira anatishwa kuitiwa polisi. Ujira aliofanyia kazi ni wake.

Kuhusu kupelekwa ng'ambo: duniani kote, wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake, na waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua. Mama mmoja wa ploti yetu alikuwa ameshauza kitanda, mitungi na jiko. Jiko alilirudisha kwa kulinunua tena, kwa bei ya juu kuliko aliyouzia, kwa sababu watoto walikuwa hawajala.