Kwa nini wodi yenye makosa mengi daftarini huenda ndiyo salama zaidi?

Chukua wodi mbili za hospitali moja hapa Dodoma. Ya kwanza, daftari lake la makosa ya dawa limejaa: dozi iliyochelewa, vidonge vilivyokaribia kupewa mgonjwa wa kitanda cha jirani, lebo iliyosomwa vibaya. Ya pili, mwezi mzima hauna hata mstari mmoja. Ungemlaza mama yako wapi?

Wengi tungekimbilia ya pili. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, naye aliamini hivyo. Alichunguza makosa ya dawa wodini akitarajia kwamba timu zenye viongozi wazuri na maelewano zingekosea kidogo. Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 1996, yalikuja kinyume: timu hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba akakuta kwamba watu wa timu hizo walikuwa hawaogopi kusema. Kwingine watu walinyamaza kwa hofu ya adhabu.

Na kosa lililonyamaziwa hurudi. Kuna kloridi ya potasiamu, dawa ya kumwongezea mgonjwa madini yaliyopungua mwilini. Ikichomwa mshipani ikiwa kali, bila kuchanganywa kwenye dripu, inaweza kusimamisha moyo. Mwaka 1998, Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali za Marekani, ilipitia vifo 10 vilivyotokana na dawa hiyo. Katika 8, ilikuwa imechomwa ikiwa kali. Na katika 6 kati ya hivyo 8, aliyeichoma alidhani ameshika dawa nyingine, kwa sababu hasa ya vichupa na lebo kufanana.

Fikiria kila hospitali ingemfukuza nesi wake na kufunga jalada. Kichupa kingebaki kwenye kabati lilelile, kikimsubiri nesi mwingine wa zamu ya usiku. Ni pale matukio yalipowekwa mezani pamoja ndipo sura ya tatizo ilipoonekana, na ushauri ukatoka: vichupa hivyo visikae wodini, vibaki famasi. Mimi naona hilo linaokoa watu kuliko barua mia za onyo, maana nesi mwenye wagonjwa wengi saa tisa usiku hawezi kuongezewa macho kwa barua.

Sisemi mtu asiwajibike. Aliyeingia zamu amelewa ana kesi ya kujibu. Lakini aliyechanganya vichupa pacha ametuonyesha mtego, na tunamhitaji auseme.

Hapa kwetu mitego mingine iko kwenye majina. Ugogoni si ajabu wodi moja kuwa na kina Mazengo wawili. Nesi akiuliza, "Wewe ndiye Mazengo?" mzee asiyesikia vizuri ataitikia tu kwa heshima. Akiulizwa, "Babu, majina yako kamili ni nani?" jibu linatoka kwake mwenyewe, kisha linalinganishwa na faili. Mtego mwingine ni nukta: 5.0 iliyoandikwa haraka husomeka 50, na mgonjwa akapata dozi mara kumi. Ndiyo maana inashauriwa kuandika 5 peke yake, na nusu iandikwe 0.5, sifuri itangulie.

Madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa hupelekwa pia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kipele cha mgonjwa mmoja Mpwapwa peke yake hakisemi mengi; kikifanana na vya Kondoa na Manyoni, dawa yenyewe inaanza kutiliwa shaka.

Nawe ukimpeleka mgonjwa, beba dawa zote anazotumia nyumbani, na za miti shamba pia, uziweke mbele ya daktari. Ukiona leo kidonge kina rangi tofauti na cha jana, muulize nesi kabla mgonjwa hajameza.