Korodani moja, sindano ya testosteroni na maneno ya vijiweni

"Akikatwa korodani moja, ndiyo basi, hazai."

Anazaa. Korodani iliyobaki ikiwa nzima, kwa kawaida hutosha kutengeneza mbegu na homoni. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, aligundulika na saratani ya korodani Oktoba 1996 akiwa na miaka 25, ikiwa imeshafika mapafuni na kwenye ubongo. Korodani ikatolewa, akapewa tibakemikali. Kabla ya dawa aliweka akiba ya mbegu, na watoto wake watatu wa kwanza walipatikana kwa akiba hiyo. Mwaka 2009 akapata mwingine kwa njia ya kawaida. Mataji yake ya Tour de France alinyang'anywa, watoto hakuna wa kumnyang'anya.

Kinachopiga mbegu zaidi ni tibakemikali na mionzi. Kwa wengi uzalishaji hurudi baada ya miezi au miaka, kwa wengine haurudi. Ndiyo maana suala la kugandisha mbegu huulizwa kabla ya matibabu. Daktari asipolitaja, litaje wewe.

"Mbegu zikipungua, choma testosteroni."

Hii ndiyo inayoharibu vijana wengi wa jimu. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutuma homoni mbili, LH na FSH. LH huiamrisha korodani itengeneze testosteroni yake yenyewe, ambayo humo ndani huwa nyingi mara kadhaa kuliko ile ya kwenye damu. FSH husaidia mbegu kukomaa. Ukijichoma ya nje, ubongo unaona imetosha na kuacha kutuma amri. Damu inajaa homoni, korodani inakaukiwa, mbegu zinashuka hata kufikia sifuri. Shirika la Afya Duniani lilishaijaribu sindano ya kila wiki kama uzazi wa mpango wa wanaume, na matokeo yakachapishwa 1990. Ukiacha, mara nyingi mbegu hurudi, ila usitegemee wiki mbili: mbegu moja huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na ubongo nao una muda wake wa kuamka.

Aliyetolewa korodani zote mbili ni habari nyingine. Huyo testosteroni anaihitaji kwa afya yake.

Saratani yenyewe nayo huvuruga amri hizi. Baadhi ya uvimbe hutoa hCG, ile homoni ya mimba, na mwanaume akipima mkojo kwa kipimo cha mimba cha dukani anaweza kuona mistari miwili. FSH hushuka, matiti huanza kujaa. Wapo wanaokutwa na mbegu chache hata kabla ya kugusa dawa yoyote.

"Haiumi, basi ni busha."

Pwani yetu busha na matende tunavijua, kwa hiyo kila uvimbe wa pumbu huitwa hivyo. Lakini saratani hii hupenda vijana wa miaka 15 hadi 40, na mara nyingi haiumi: kigumu kama kokoto kwenye korodani yenyewe. Tochi hupenya maji ya busha, haipenyi nyama ngumu. Hata hivyo, maji yanaweza kuificha saratani, hivyo dai ultrasaundi.

"Manii mengi, mbegu nyingi."

Sehemu kubwa ya manii ni majimaji ya tezi dume na vifuko vya manii. Mbegu huhesabiwa kwa darubini, kwa sampuli iliyotolewa baada ya kujizuia siku 2 hadi 7.